Kulia na Kushoto Katika Lugha ya Karakana: Istilahi za Meza ya Seremala Mwenye Shoto

1. Utangulizi

Katika miongozo ya useremala iliyofasiriwa kwa Kiswahili, hutokea mara nyingi sentensi za namna hii: "Funga jiriwa upande wa kushoto wa meza. Sukuma randa kutoka kulia kwenda kushoto, ukitanguliza mguu wa kushoto." Mfasiri anayeandika hivyo hakukosea sarufi, wala hakupotosha maana ya matini iliyokuwa mbele yake. Hata hivyo sentensi zake zina kasoro, kwani zinamfaa mwanafunzi atumiaye mkono wa kulia peke yake. Mwenye shoto akizifuata neno kwa neno, atakuwa na njia mbili tu. Ama asukume randa huku mikono yake imepishana mbele ya kifua, ama asukume kwa mwelekeo unaomfaa na ubao umkimbie, kwa sababu kizuizi kilichopaswa kuushika kimewekwa nyuma ya randa badala ya mbele yake. Mwalimu naye, asipoona kosa lolote kitabuni, atakata shauri kwamba kosa ni la mwanafunzi, na kwamba kijana huyo hana mkono wa ufundi.

Jambo hili si la watu wachache. Uchambuzi mpana wa tafiti mbalimbali, uliochapishwa mwaka 1920 na kitu ungekuwa umepitwa na wakati. Lakini ule wa mwaka 2020, uliojumuisha takwimu za watu zaidi ya milioni 2, ulionyesha kwamba wenye shoto ni wastani wa watu 10.6 katika kila 100. Idadi hiyo hutofautiana mahali hadi mahali kutokana na malezi, lakini kwa makisio ya jumla, katika darasa la wanafunzi 40 tutarajie wanne. Hao wanne hawahitaji mwalimu wa peke yao. Wanahitaji meza iliyopangwa sawasawa, na lugha inayomwezesha mwalimu kueleza mpango huo bila kuwababaisha wao wala wenzao 36.

Makala haya basi yanakusudia kufanya mambo matatu: kwanza, kueleza jinsi meza ya seremala inavyopangwa kwa matumizi ya mwenye shoto, pili, kuonyesha kwamba si kila "kulia" na "kushoto" katika miongozo hugeuzwa kinyume, na tatu, kupendekeza istilahi chache ambazo zitawasaidia wafasiri, walimu na watumishi wanaoagiza samani za karakana.

2. Kiswahili na Pande Mbili za Mwili

Kabla ya kuunda neno jipya, inatupasa kutazama lugha yenyewe ina nini ghalani mwake. Neno "kulia" tunalolitumia kila siku limetokana na kitenzi "kula". Mkono wa kulia ni mkono ambao mtu huutumia kulia chakula. Pamoja na neno hilo, Kiswahili kina "mkono wa kuume", na katika matumizi ya zamani ya pwani ulikuwapo pia "mkono wa kike", yaani wa kushoto. Mtu ambaye mkono wake wa kushoto ndio mwepesi wa kazi husemwa kwamba ana shoto, na wengine humwita mashoto.

Tukiyatazama maneno haya kwa makini, tunaona jambo la manufaa. "Mkono wa kulia" kwa asili si jina la mahali. Ni jina la kazi. Waliotutangulia hawakuuita mkono kwa upande uliopo, bali kwa shughuli inayoufaa. Kwa hiyo, tukipendekeza kwamba sehemu za meza ziitwe kwa kazi zake badala ya pande zake, hatutakuwa tunaleta desturi ngeni katika lugha. Tutakuwa tunairudia desturi yake ya kale.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana kwa mabaharia wetu. Nahodha wa jahazi hapati shida ya kulia na kushoto. Anao upande wa joshi, unaokabili upepo, na upande wa demani, ambao upepo hautoki kwake. Chombo kikigeuza tanga, joshi huhamia ubavu wa pili, na amri ya nahodha hubaki ileile. Vilevile ana omo na tezi, ambazo hubaki omo na tezi hata kama baharia ameelekea mbele au nyuma. Msamiati huu umeendesha vyombo kwa karne nyingi, na unatufundisha kwamba penye kazi inayoweza kugeuka upande, jina linalofuata kazi ni imara kuliko jina linalofuata mwili wa msemaji.

Ipo sababu nyingine ya kuyaogopa maneno haya mawili katika maelezo ya ufundi. Tusemapo "upande wa kulia wa meza", hatujasema ni kulia kwa nani. Je, ni kwa fundi aliyesimama mbele ya meza, au kwa mwalimu aliyesimama ng'ambo yake akimtazama? Katika karakana ambamo wanafunzi wawili hutumia meza moja wakiwa wamekabiliana, kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenziwe.

3. Meza ya Kazi na Sehemu Zake

Meza ya seremala huitwa pia benchi. Neno hilo limeenea, ila lina udhaifu kwamba kwa wasomaji wengi benchi ni kitu cha kukalia. Katika makala haya tutatumia "meza ya kazi".

Kazi kubwa ya meza hii ni kuushika ubao usiende popote wakati fundi anapousukuma, anapoukata au anapouchonga. Vifaa vya kuushikia ni hivi:

(a) Kizuizi: kipande cha mti au chuma kinachochomoza kidogo juu ya uso wa meza, karibu na ncha yake. Ubao hulazwa juu ya meza ukiwa umekiegemea, na msukumo wa randa huuzidishia ubao kukikazia. Mafundi wetu wengi wasio na vifaa vya kununua hupigilia kipande cha ubao mezani kwa misumari miwili, na hicho huwa kizuizi kamili.

(b) Jiriwa la mbele: jiriwa lililofungwa kwenye ukingo wa mbele wa meza, karibu na ncha moja. Hubana ubao uliosimamishwa kwa ubavu wake ili ukingo wake upigwe randa, au uliosimamishwa wima ili ukatwe kwa msumeno.

(c) Jiriwa la ncha: jiriwa linalofungwa kwenye ncha ya pili ya meza. Likishirikiana na vigingi, huubana ubao kwa urefu wake juu ya uso wa meza.

(d) Vigingi: vijiti vifupi vya mti au chuma vinavyotiwa katika matundu yaliyopangwa kwa safu karibu na ukingo wa mbele.

(e) Kibao cha kukatia: kibao chenye papi mbili, moja chini inayoshika ukingo wa meza, na moja juu ambayo kipande kinachokatwa huegemezwa.

Mpango wa kuviweka vifaa hivi ni wa zamani. André-Jacob Roubo, fundi wa Paris, alichapisha kati ya mwaka 1769 na 1775 kitabu kikubwa cha useremala kiitwacho L'Art du menuisier. Katika mchoro wake wa meza ya kazi, kizuizi pamoja na ndoano ya ubavuni ya kushikia mbao viko kushoto kwa fundi. Vitabu vingi vilivyofuata vilishika mkondo huohuo. Kwa kuwa mafundi wengi hutumia mkono wa kulia, hakuna aliyeona haja ya kutaja kwamba mchoro ule ni wa mkono mmoja, na polepole jambo lililokuwa chaguo likaanza kusomwa kana kwamba ni kanuni.

4. Mambo Yanayofuata Mkono

Ili tuelewe kwa nini kizuizi cha fundi wa mkono wa kulia kiko kushoto, tumtazame anavyofanya kazi. Mkono wa kulia umeshika mpini wa nyuma wa randa, nao ndio unaosukuma. Mkono wa kushoto uko mbele, unaielekeza randa na kuigandamiza. Mguu wa kushoto umetangulia, na mwili wote unasogea kutoka kulia kwenda kushoto. Kila mkupuo wa randa basi huanzia upande wa mkono unaosukuma na kukomea upande wa mkono unaosaidia. Kizuizi hukaa pale mkupuo unapokomea.

Sasa tumweke mwenye shoto mahali hapo. Mkono unaosukuma ni wa kushoto, mguu unaotangulia ni wa kulia, na mkupuo unatoka kushoto kwenda kulia. Maelezo yanabadilika katika kila neno la upande. Lakini maelezo ya kazi hayakubadilika hata kidogo: mkupuo unaanzia kwa mkono unaosukuma na kukomea kwa mkono unaosaidia, na kizuizi kiko pale unapokomea.

Hapa ndipo tunapopendekeza istilahi nne za msingi. Mkono unaosukuma, unaokata na unaopiga tuuite "mkono wa kazi", kwa kufuata mfano wa "mkono wa kulia". Mwenziwe tuuite "mkono msaidizi". Ncha ya meza ambapo mkupuo wa randa huanzia tuiite "upande wa mwanzo", na ile ambapo hukomea tuiite "upande wa kikomo". Tulifikiria pia "mkono mtendaji", lakini neno hilo limekwisha kuzoea ofisi, na mtu akilisikia humkumbuka katibu kabla ya kukumbuka randa. "Mkono wenye nguvu" nao haufai, kwa maana tofauti ya mikono katika ufundi ni wepesi na ustadi, wala si nguvu.

Kwa istilahi hizo nne, mpango wote wa meza unaweza kusemwa hivi:

(a) Kizuizi na jiriwa la mbele hukaa upande wa kikomo. Ubao mrefu unaopigwa randa ukingoni hubanwa katika jiriwa kwa kichwa chake cha kikomo, na mkia wake huegemea kigingi kilichotiwa katika mguu wa meza wa upande wa mwanzo.

(b) Jiriwa la ncha hukaa upande wa mwanzo, nalo huusukuma ubao kukielekea kigingi kilicho upande wa kikomo.

(c) Papi ya juu ya kibao cha kukatia huachwa fupi upande wa mkono wa kazi, ili msumeno upite bila kuugusa uso wa meza. Kibao kilichotengenezwa kwa mkono wa kulia, mwenye shoto hawezi kukitumia vema. Lakini papi ikifupishwa pande zote mbili, kibao kimoja huwafaa wote.

(d) Zana zinazoshikwa mara kwa mara, kama patasi na nyundo, huwekwa upande wa mkono wa kazi, ili mkono usivuke juu ya kazi kuzifuata.

(e) Pembeni mwa ncha ya kikomo paachwe nafasi. Meza ya fundi wa mkono wa kulia ikisukumwa hadi kona ya kushoto ya chumba huwa na kasoro, kwani randa haina pa kutokea. Meza ya mwenye shoto hupata kasoro hiyohiyo katika kona ya kulia.

Kuhamisha jiriwa la mbele si kazi kubwa. Jiriwa la chuma la kawaida lina umbo sawa pande zote mbili. Hufunguliwa, likafungwa ncha ya pili. Fundi ahakikishe mambo matatu. Liwe karibu na mguu wa meza, ili meza isitikisike linapokazwa. Taya lake la ndani lilingane na ukingo wa mbele, ili ubao mrefu ulale sawa juu ya taya na ukingo kwa pamoja. Kisha ncha za juu za mataya ya chuma ziwe chini kidogo ya uso wa meza, na mataya yavikwe vibao, ili kisu cha randa kisigonge chuma.

5. Mambo Yasiyofuata Mkono

Baada ya kusoma sehemu iliyotangulia, mfasiri anaweza kushawishika kufanya njia ya mkato, yaani kuchukua mwongozo wa mkono wa kulia, kubadilisha kila "kulia" kuwa "kushoto" na kila "kushoto" kuwa "kulia", kisha kuutoa kama mwongozo wa mwenye shoto. Njia hiyo ni ya hatari, kwa sababu yako mambo katika karakana ambayo hayajali mkono wa mtu.

La kwanza ni skrubu. Jiriwa hukazwa kwa kuzungusha mpini kufuata mwendo wa saa, na hulegezwa kwa kuzungusha kinyume chake, liwe limefungwa ncha hii au ile. Msumari wa skrubu nao ni vivyo hivyo. Sentensi "zungusha kulia ili kukaza" ikigeuzwa kuwa "zungusha kushoto", mwanafunzi atalegeza kitu alichoambiwa akikaze, na ubao utamwangukia mguuni. Kwa hiyo, katika habari za skrubu, maneno kulia na kushoto yaachwe kabisa, na mahali pake pasemwe "kufuata mwendo wa saa" na "kinyume cha mwendo wa saa". Tuongeze hapa kwamba mkono wa mtu una nguvu zaidi unapozungushwa kuelekeza kiganja juu kuliko kukielekeza chini. Kwa sababu hiyo mkono wa kulia hukaza skrubu kwa nguvu zaidi, na mkono wa kushoto hulegeza kwa nguvu zaidi. Si aibu basi mwenye shoto kukazia bisibisi kwa mkono wake wa kulia. Ni elimu ya mwili tu.

La pili ni nyuzi za mbao. Ubao hupigwa randa kwa kufuata nyuzi zinavyopanda, la sivyo kisu huzinyanyua na kuuacha uso umechanika. Nyuzi haziujui mkono wa fundi. Mwenye shoto akipokea ubao uliokuwa kwa mwenziwe, augeuze kichwa kuwa mkia kabla ya kuuegemeza kwenye kizuizi chake. Mwongozo useme: "Weka ubao ili nyuzi zipande kuelekea kikomo." Sentensi hiyo inawafaa wote wawili, na ina sababu ndani yake.

La tatu ni kimo cha meza, ambacho hufuata urefu wa fundi. Fundi husimama wima, mikono ikining'inia, na uso wa meza hupimwa kati ya kiganja na kifundo cha mkono wake. Hapa shoto haina neno.

La nne ni mwanga, nalo lina pande mbili. Mwanga ukitoka upande wa mkono wa kazi, kivuli cha mkono huangukia mstari unaokatwa. Kwa hiyo dirisha linalomfaa mmoja kwa ubavu humtatiza mwingine. Lakini meza ikielekezwa dirishani, mwanga ukamjia fundi kutoka mbele, tatizo hutoweka kwa wote. Katika karakana za shule, huo ndio mpango wa kupendelewa.

6. Zana Zilizoundwa kwa Mkono Mmoja

Zana nyingi za mkononi hazina upande. Randa ya kawaida, patasi bapa, nyundo, tupa na keekee humtumikia yeyote. Zipo chache, hata hivyo, ambazo zimeundwa kwa mkono wa kulia, na mwalimu azijue.

Iliyo muhimu kupita zote ni randa ya mfereji. Hii ina kielekezi ubavuni, yaani kipande kinachotambaa kwenye uso wa ubao ili mfereji uchimbwe kwa umbali uleule toka mwanzo hadi mwisho. Kielekezi hicho huwa upande wa kushoto wa randa. Fundi wa mkono wa kulia anaposukuma kuelekea kushoto, kielekezi humwelekea yeye, naye hukiona na kukigandamiza vema. Mwenye shoto akiisukuma randa hiyohiyo kuelekea kulia, kielekezi hujificha ng'ambo ya ubao, upande wa meza, na hugonga taya la jiriwa. Randa za namna hii zilizoundwa kwa mkono wa kushoto ni adimu. Kwa hiyo wenye shoto wengi hujifunza kuisukuma randa ya mfereji kwa mkono wa kulia, ingawa kazi zao nyingine zote huzifanya kwa kushoto.

Kutokana na hali hiyo, meza bora ya mwenye shoto si ile iliyopinduliwa tu kama taswira ya kioo. Ni ile iliyopangwa kwa mkono wake wa kazi, lakini ambayo bado ina matundu ya vigingi na mahali pa kizuizi katika ncha zote mbili. Siku ya kuchimba mifereji, huhamisha kizuizi, hubadilisha kikomo, na kazi huendelea. Msomaji ataona kwamba istilahi za mwanzo na kikomo zinastahimili hata hapo: kikomo kimehama, kama joshi inavyohama tanga linapogeuzwa, lakini maana yake haikuhama.

Kisu cha kuchorea kilichonolewa upande mmoja nacho kina mkono wake, kwa kuwa ubapa wake ndio unaopaswa kuegemea rula. Chenye makali yaliyonolewa pande zote mbili hakina shida hiyo, na ndicho kinachofaa kununuliwa kwa darasa.

7. Istilahi Zinazopendekezwa

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo zitumike katika miongozo, masomo na hati za manunuzi:

mkono wa kazi – mkono ambao fundi husukumia, hukatia au hupigia
mkono msaidizi – mkono unaoshika au kuelekeza
upande wa mwanzo – ncha ya meza ambapo mkupuo wa randa huanzia; ni upande wa mkono wa kazi
upande wa kikomo – ncha ya meza ambapo mkupuo hukomea. Ni upande wa mkono msaidizi
jiriwa la mbele – jiriwa la ukingo wa mbele wa meza
jiriwa la ncha – jiriwa la ncha ya meza, upande wa mwanzo
kizuizi – kitu kinachouzuia ubao kwa mbele wakati wa kupiga randa
kigingi – kijiti cha kutiwa katika tundu la meza
kibao cha kukatia – kibao cha kushikia kipande kinachokatwa kwa msumeno
kielekezi – sehemu ya randa au zana nyingine inayotambaa ubavuni mwa ubao
mwenye shoto – mtu ambaye mkono wake wa kazi ni wa kushoto

Yahitaji maelezo kidogo kuhusu mbili kati ya hizo. "Jiriwa la mkia", ambayo imewahi kupendekezwa kwa kufuata Kiingereza, tumeiacha, kwa sababu katika Kiswahili meza ina miguu na ina uso, lakini haina mkia. "Mwenye shoto" tumelichagua kwa kuwa ni la zamani, ni fupi, na halina kejeli. Kwa upande wa pili, lugha haijawahi kuhitaji jina la mtu wa mkono wa kulia. Anayejaribu kusema "mwenye kulia" ataeleweka kwamba anazungumzia mtu mwenye machozi. Inatosha kusema "atumiaye mkono wa kulia".

Sasa turudie zile sentensi za mwongozo tulizoanza nazo, tuziandike upya: "Funga jiriwa la mbele upande wa kikomo. Sukuma randa kutoka mwanzo kwenda kikomo, ukitanguliza mguu wa upande wa kikomo." Mwanzoni mwa kitabu paongezwe maelezo ya mistari miwili: "Kwa atumiaye mkono wa kulia, mwanzo ni kulia kwake na kikomo ni kushoto kwake. Kwa mwenye shoto ni kinyume." Hayo yakisemwa mara moja, hayana haja ya kurudiwa tena kitabu kizima, na michoro ya upande mmoja haitampoteza mtu.

Kwa watumishi wanaoandika maagizo ya samani za shule na vyuo, ushauri wetu ni mfupi. Wasiandike "meza zenye jiriwa upande wa kushoto". Waandike "meza zenye matundu ya kufungia jiriwa la mbele katika ncha zote mbili". Gharama ya kutoboa matundu ya ziada wakati meza inatengenezwa ni ndogo, lakini kuyatoboa baadaye, baada ya meza kupokelewa na kuandikwa katika daftari la mali, huhitaji kibali, fundi na subira. Kwa walimu, tunashauri mwenye shoto apewe meza ya mwisho katika safu, ili mikupuo yake isigongane na ya jirani anayesukuma kwa kumkabili.

8. Hitimisho

Wapo watakaouliza kama makala haya yanavunja adabu ya mkono wa kulia. Hayavunji. Kula, kupokea na kusalimia kuna taratibu zake, nazo hufunzwa nyumbani. Lakini randa si sahani ya chakula, na mwenye shoto anayelazimishwa kuishika kwa mkono usio wake hapati adabu zaidi. Hupata tu kazi mbovu, na pengine kidonda. Vijana wanaopitia vyuo vya ufundi stadi wanakwenda kutafuta riziki kwa mikono yao, na mtihani wa fundi hauulizi ubao ulipigwa randa kutoka wapi kwenda wapi. Huuliza kama umenyooka.

Kazi ya istilahi katika jambo kama hili ni ya kiasi. Istilahi haihamishi jiriwa wala haitoboi meza. Lakini inaweza kumwezesha mwalimu aseme kwa sentensi moja jambo ambalo sasa linahitaji sentensi mbili zinazopingana, na inaweza kumwondolea mwanafunzi shaka kwamba kitabu kiliandikwa kwa ajili ya wengine. Istilahi hizi ni mapendekezo. Wafasiri, walimu wa karakana na mafundi wenyewe, hasa wale wenye shoto, wanaombwa wazijaribu kazini na kutuandikia maoni yao, pamoja na maneno mengine ambayo mafundi wa sehemu zao wanayatumia kwa vifaa hivihivi. Neno lililokwisha kukaa vinywani mwa mafundi lina haki ya kusikilizwa kabla ya lile lililobuniwa ofisini.